Kisima, ndoo na bwawa: jinsi ya kuziba njia zote za mtoto mdogo kwenda majini hapa nyumbani Tabora

Bati juu ya kisima, jiwe juu ya bati. Pita uani mwa nyumba nyingi za Ng'ambo, Isevya, Kiloleni au Ipuli, ndiyo kinga utakayoikuta, na mwenye nyumba atakuambia kwa moyo mweupe kwamba kisima chake kimefunikwa. Bati hilo linayaficha maji tu. Mtoto wa miaka mitatu akilipanda linapinda, jiwe linaviringika, na yote matatu yanakwenda chini pamoja.

Nyumba chache zenye bwawa la kuogelea nazo zina bati lao: turubai. Hutandikwa juu ya maji jioni, likafungwa kamba pembe nne, watu wakaenda kulala.

Kosa la wote wawili ni moja. Wameweka kitu ambacho kinafaa alimradi kuna mtu mzima anayetazama. Katika mwongozo huu kila kinga inapimwa kwa swali moja: itafanya kazi saa nne asubuhi, mama yuko jikoni, baba kazini, na dada ameenda dukani?

Jambo moja la kujua kabla ya kugusa koleo. Mtoto mdogo hahitaji kina. Sentimita 5 za maji ndani ya ndoo zinatosha kumuua, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili; akiinama kuchungulia kinamtangulia, na mikono haina nguvu ya kumrudisha. Tena hafi maji kwa kelele. Hapigi yowe, kwa sababu mdomo uko majini na pumzi hakuna. Ndiyo maana anayekaa mita 5 kutoka kwenye beseni husema hakusikia kitu, naye anasema kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5.

Vitu vya kuandaa

Kwa kila nyumba, hata isiyo na kisima:

- Futi ya kupimia, chaki, kalamu na karatasi.
- Madumu ya lita 20 yenye vifuniko vya kusokota, badala ya ndoo zilizo wazi.
- Kamba imara ya nailoni, ndefu kuliko kina cha kisima chako, au cha jirani, kwa mita 5 hivi.
- Dumu moja tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kwenye ncha ya kamba nyingine ya mita 10. Hili halichotewi maji. Ni la kuokolea.

Kwa kisima cha uani chenye mdomo wa upana wa mita 1 hadi 1.2:

- Tofali za kuchoma na saruji ya kujengea ukingo.
- Mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, mchanga na kokoto, kwa ajili ya mfuniko peke yake.
- Nondo 3 za milimita 12 na waya wa kufungia.
- Fremu ya chuma yenye mlango wa bati nene la milimita 3, bawaba mbili, komeo na kofuli. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa nusu siku.

Kwa bwawa la kuogelea: mabomba ya chuma ya kusimamisha uzio, bawaba mbili za springi, na komeo linalojifunga lenyewe.

Watu: fundi uashi mmoja, fundi wa kuchomelea mmoja, na wanaume wanane wa kubeba siku ya kuweka mfuniko. Hao wanane usiwapunguze. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Zunguka uani kwa kimo cha mtoto

Chagua saa ambayo nyumba ina shughuli nyingi kuliko zote. Piga magoti, kweli piga magoti, kisha utembee hivyo kuanzia mlango wa jikoni. Ukiwa umesimama unaona kisima tu. Ukiwa chini utaona beseni la nguo nyuma ya mlango, karai la bata, pipa chini ya mfereji wa bati, na tofali tatu zilizopangana vizuri kabisa kama ngazi ya kupandia pipa hilo.

Andika kila penye maji au panapoweza kuwa na maji mvua ikinyesha. Usiishie kwenye mpaka wa kiwanja chako. Mtoto hana habari na hati. Shimo la choo la jirani lililochimbwa likaachwa, msingi wa nyumba iliyosimama kwa kukosa fedha, shimo walikofyatulia tofali kiangazi: vyote hivyo ni vyako pia kama mtoto anavifikia kwa miguu yake.

Mbele ya kila kimoja andika neno moja kati ya haya manne: mwaga, funika, zungushia, fukia.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye mambo ambayo hukuyatarajia. Karatasi yenye kisima peke yake ni ya mtu ambaye hakupiga magoti.

Hatua ya 2: Ndoo, mabeseni na mapipa

Ushauri wa kuambiwa usiweke maji ndani ya nyumba hauna maana Tabora. Mabomba ya maji ya Ziwa Victoria yamefika, lakini hakuna mama wa hapa atakayekubali kulala bila akiba, na ana haki. Kwa hiyo badala ya kupigana na akiba, badilisha chombo chake.

Akiba yote ya maji ya ndani iwe kwenye madumu. Mdomo wa dumu ni mwembamba, kichwa cha mtoto hakipiti, na hata likianguka linamwaga tu. Ndoo wazi ibaki ya kazi: inajazwa, inatumika, inamwagwa, inageuzwa chini juu.

Ndoo ya bafuni ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Inakaa na maji ya kuflashi choo usiku na mchana, na mlango wa bafuni hauna komeo la nje. Weka komeo la nje, juu, mita 1.5 kutoka sakafuni. Ni kazi ya dakika 20 kwa bisibisi na skrubu nne, na sijui kwa nini nyumba nyingi zenye makomeo matatu kwenye mlango wa sebule hazina hata moja hapa.

Pipa la mvua liwe na mfuniko unaofungwa kwa waya au mpira wa kukaza, na pembeni yake pasikae kiti, kinu wala tofali. Pipa lisilo na mfuniko litobolewe bomba chini, kisha juu lifunikwe kwa mbao zilizopigiliwa. Maji yatatoka kwa bomba na hutalihitaji tena tundu la juu.

Kumwogesha mtoto mchanga kwenye beseni: vitu vyote viwe mkononi kabla ya kumtia majini. Sabuni, taulo, nguo. Simu ikilia, iache ilie. Ukilazimika kuondoka, ondoka na mtoto akiwa na mapovu yake. Kaka wa miaka sita hahesabiwi kuwa mwangalizi, hata awe mtiifu namna gani.

Utajua umefaulu ukipita nyumbani kwako usiku kabla ya kulala na usikute chombo chochote kilicho wazi chenye maji kwenye kimo kilicho chini ya kiuno chako.

Hatua ya 3: Kisima

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapokata kona. Tusikate.

Jenga ukingo kwanza. Tofali zipande hadi mita 1 kutoka usawa wa ardhi, zikipigwa lipu laini nje. Lipu si urembo: tofali tupu zina mianya ya kuweka vidole vya miguu, na mtoto wa miaka minne hupanda ukuta wenye mianya kwa wepesi wa mjusi. Usijenge baraza ya kukalia kuzunguka ukingo. Mafundi wengi wanaipenda, na wachotaji wanaifurahia kwa kuwekea ndoo, lakini baraza ya sentimita 40 inageuza ukingo wa mita 1 kuwa wa sentimita 60.

Mwaga mfuniko pembeni, si juu ya kisima. Tandika nailoni chini kwenye uwanja ulio sawa, chora duara lenye upana sawa na upana wa nje wa ukingo, kisha ligawe nusu mbili kwa ubao. Kila nusu inasukwa nondo zake kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande. Katikati, pale nusu mbili zinapokutana, acha tundu la kuchotea la sentimita 45 kwa 45, nusu ya tundu huku na nusu huku, ukiongeza nondo kuzunguka kingo zake, kwa sababu zege hupasuka kuanzia kwenye kona za tundu.

Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Unene sentimita 10. Kabla halijakauka, zamisha boliti nne kichwa chini kuzunguka tundu. Hizo ndizo zitakazoshika fremu ya chuma.

Funika kwa magunia na uloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Jua la Tabora la Septemba hukausha zege juu likabaki bichi ndani, na zege la namna hiyo huonekana gumu hadi siku linapopandwa na mtu.

Siku hizo 7 ndizo za hatari, maana kisima kiko wazi na watu wana furaha kuwa kazi inaendelea. Zungushia matawi ya miiba kama unavyofanya zizi, upana wa mita 2 kila upande, na uache njia moja tu ya mchotaji inayozibwa kwa tawi kubwa.

Siku ya kuweka: mfuniko wa upana wa mita 1.5 una uzito wa kilo 400 hivi, kila nusu kilo 200. Watu wanne wataweza kuunyanyua, ila hawataweza kuushusha taratibu, na kwenye kisima kushusha taratibu ndiyo kazi yenyewe. Wanane, wenye viatu, bila mtoto yeyote uani. Laza magogo mawili juu ya ukingo kwanza, telezesha nusu ya kwanza juu yake, kisha vuta magogo. Ziba ungio kwa saruji.

Funga fremu kwenye boliti, tia kofuli. Ufunguo ukae kwenye msumari ndani ya nyumba, juu ya kimo cha mtoto, na uwe na mwenzake mmoja kwa jirani unayemwamini. Ufunguo unaokaa juu ya mfuniko wenyewe au shingoni mwa mtoto mkubwa ni sawa na kutokuwa na kofuli.

Onyo kuhusu kamba na kapi: baada ya kuchota, kamba iondolewe. Watoto hujining'iniza.

Ukiwa na uwezo wa pampu ya mkono au ya umeme, weka. Tundu halitafunguliwa tena ila kwa usafi, na habari ya "nilisahau kufunga" inakwisha. Tangi la zege lililozikwa ardhini la kuvunia mvua linachukua mfuniko huohuo na kofuli hilohilo. Watu hulisahau kwa kuwa halina ukingo na limekaa kama sehemu ya baraza.

Utajua umefaulu hivi: wanaume wawili wasimame katikati ya mfuniko waruke, usisikie mlio. Kisha mwite mtoto wa miaka sita au saba wa jirani, mwambie mbele yako ajaribu kufungua mlango wa chuma kwa mbinu zote. Akiweza, rudi kwa fundi.

Hatua ya 4: Mashimo

Mashimo ya tofali huchimbwa kiangazi, huachwa, na hujaa kuanzia Novemba mvua zinapoanza. Maji yake ni ya rangi ya udongo, kina hakionekani, na kingo zake ni utelezi. Mtu mzima mwenyewe hupata taabu kutoka. Yafukie kwa taka za ujenzi na udongo kabla ya mvua. Kama ni la kikundi na bado linatumika, chonga upande mmoja uwe mteremko wa kutembea, ili aliyeingia aweze kutoka kwa miguu, kisha zungushia miiba pande zilizobaki.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wana shimo la aina yao: kisima kifupi cha kumwagilia kitalu, kilichochimbwa mbugani, bila ukingo, kwa miezi michache tu. Hakuna atakayekijengea mfuniko wa zege, na sitakuambia ufanye hivyo. Funika kwa magogo mazito yaliyopangwa bega kwa bega ambayo mtoto hawezi kuyasogeza, ukiacha tundu la upana wa ndoo. Msimu wa vitalu ukiisha, fukia siku hiyohiyo unayohamisha mche wa mwisho. "Nitafukia baadaye" huangukia kwenye masika, na mbugani masika mpaka wa shimo na nyasi hauonekani.

Hatua ya 5: Bwawa la kuogelea

Nyumba yenye bwawa kwa kawaida ina ukuta mrefu na waya wa miba juu. Ukuta huo unamzuia mwizi. Mtoto wa nyumba hiyo yuko ndani yake, pamoja na maji.

Bwawa linahitaji uzio wake, pande zote nne. Usiufanye ukuta wa nyumba kuwa upande wa nne, kwa sababu ukuta wa nyumba una mlango, na mlango wa sebule hauachi kufunguliwa. Utafiti uliolinganisha aina hizi mbili umeonyesha kuwa uzio unaolitenga bwawa na nyumba hulinda zaidi kuliko uzio unaozunguka kiwanja tu.

Vipimo vyake: urefu usipungue mita 1.2, mimi ningeweka 1.5. Nafasi kati ya bomba na bomba, na kati ya uzio na ardhi, isizidi sentimita 10. Kata kipande cha mbao cha sentimita 10 uwe unakipitisha. Kikipenya kwa ulegevu, pafaa kuzibwa. Mabomba yawe ya wima. Yakilazwa yanakuwa ngazi. Wavu wenye matundu makubwa nao ni ngazi.

Ndani ya mita 1 kutoka kwenye uzio, upande wa nje, pasiwe na kiti, ndoo, tangi la maua wala mti wa matawi ya chini. Mwembe mmoja unaoegemea uzio unaufuta uzio wote, na hapa kwetu miembe haikosekani.

Geti lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, ili mtoto akilisukuma azidi kulifunga. Bawaba za springi zilirudishe lenyewe hata likiachwa wazi kidogo tu, na komeo liwe mita 1.5 juu. Jaribu: liache wazi kwa upana wa kiganja, ondoka. Likijifunga na kujikomea mara kumi mfululizo, sawa. Likikwama hata mara moja, springi ikazwe. Na yeyote atakayeegesha geti kwa jiwe siku ya sherehe ili wageni wapite kwa urahisi, awe mkubwa wa namna gani, jiwe liondolewe mbele yake.

Turubai: toa. Mtoto akilikanyaga linazama naye na kumfunika, na kutoka nje hakuna anayeona kitu.

Baada ya kuogelea, mipira na vikaragosi vyote vitoke majini. Mtoto anayerudi peke yake huwa anarudia mpira. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea. Hupasuka, huvuka mkono, na humpa mzazi usingizi wa bure. Mfuniko wa tundu la kutolea maji chini ya bwawa ukivunjika, bwawa lifungwe hadi utengenezwe, kwa kuwa nguvu ya pampu inaweza kushika nywele au mkono.

Yale mabwawa ya plastiki ya kupuliza yanayouzwa madukani hayawekewi uzio na mtu yeyote. Basi kila yakimaliza kutumika yamwagwe na kupinduliwa. Mwagia mchicha.

Hatua ya 6: Mkabidhi mtoto mtu, kwa kauli

Kinga zote hizo zikiwepo, bado mtoto anahitaji mwangalizi. Nimeiweka hatua hii ya sita makusudi, kwa kuwa nyumba nyingi huanza nayo na kuishia nayo.

Mwangalizi ni mtu mmoja, anayejua kuwa ni yeye. "Tulikuwepo wote" ndiyo kauli inayotoka kila palipotokea msiba. Harusini, kwenye arobaini, kwenye ngoma, mapipa ya maji ya kupikia yamejaa uani, watu wazima hamsini wapo, na kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Fanyeni makabidhiano ya mdomo: "Shangazi, mtoto nakuachia." "Nimempokea." Asiyesema "nimempokea" hajapokea.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano aliye majini au kando ya maji, mwangalizi akae umbali wa kumfikia kwa mkono. Akiwa na simu au na pombe, huyo si mwangalizi. Mtoto mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege asiachwe peke yake hata bafuni, hata akiwa mkubwa.

Tatizo ni masika, mama yuko shamba kutwa. Bangladesh walilikabili kwa kuwakusanya watoto wa mwaka mmoja hadi mitano kwa mlezi mmoja wa kijijini kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, saa ambazo wazazi wameshikika, na vifo vya watoto hao majini vilipungua sana. Hilo halihitaji mradi. Mama watano wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu, mmoja abaki siku moja na watoto wote kwenye ua uliopitia hatua ya 1 hadi ya 3, wanne waende kulima.

Kufundisha kuogelea kunafaa kuanzia miaka sita hivi, mahali salama, na mtu anayejua. Lakini usilegeze kofuli la kisima kwa sababu mtoto sasa anajua kupiga mbizi.

Hatua ya 7: Akiwa ameingia

Mtoto asipoonekana, tafuta majini kwanza. Chini ya kitanda na kwa jirani utatafuta baadaye, huko hafi. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hewa.

Kumtoa: bwawani au shimoni, mtupie lile dumu tupu lenye kamba, au nyoosha mti mrefu ukiwa umelala kifudifudi. Akiwa mdogo mno wa kushika, aingie mtu mmoja anayejua kuogelea, amefungwa kamba kiunoni inayoshikwa na walio nje.

Kisimani usiruke. Hewa ya chini ya kisima inaweza kuwa haifai kupumua, hasa kama palishushwa pampu ya petroli, na ndiyo sababu husikika watu wawili au watatu wamekufa kwenye kisima kimoja wakifuatana kuokoana. Ashuke mmoja kwa kamba, walio juu wakimsemesha; akikosa kujibu, avutwe papo hapo.

Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo, usimbebe mbio mgongoni. Kukamua tumbo hutoa matapishi, na matapishi huingia mapafuni. Anachokosa ni hewa, mpe hewa:

1. Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mguse. Kama haitikii na hapumui vizuri, anza. Mwingine apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwingine atafute gari.
2. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo. Puliza mara 5, taratibu, ukiangalia kifua kinyanyuke. Mchanga chini ya mwaka mmoja: mdomo wako ufunike mdomo na pua yake. Mkubwa kidogo: mbane pua, puliza mdomoni.
3. Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua. Mchanga kwa vidole gumba viwili huku mikono ikizunguka kifua chake, mkubwa kidogo kwa kiganja kimoja.
4. Puliza 2, kandamiza 30, endelea hivyo bila kuchoka hadi apumue au mhudumu wa afya apokee. Ukiwa peke yako, fanya dakika moja kwanza ndipo upige simu.

Akianza kupumua mlaze ubavu, mvue nguo za maji, mfunike. Hata akiamka akalia na kuomba uji, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Kitete. Kikohozi kisichokoma, kupumua kwa haraka au usingizi mzito saa chache baadaye ni dalili kwamba mapafu yameguswa.

Hatua hii haisomwi siku ya tukio. Ifanyeni kwa vitendo, mkitumia mwanasesere au mto, kila mtu mzima wa nyumba pamoja na dada wa kazi, ambaye ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi na ambaye hakuna anayekumbuka kumfundisha.

Hatua ya 8: Kurudia

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, piga magoti tena na karatasi mpya. Mashimo yameongezeka tangu mwaka jana, na mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anapanda.

Mvua zikiisha, mwezi wa tano, angalia ungio la mfuniko wa kisima kama limepasuka, na udongo kuzunguka ukingo kama umeliwa na maji ukaacha mwanya. Chini ya geti la bwawa, maji ya mvua huchimba mfereji unaozidi sentimita 10 bila mtu kuona; jaza kokoto.

Kofuli na bawaba vitie grisi au mafuta machafu ya gari kila mwezi. Kofuli likishika kutu, mtu mwenye haraka ya kuchota maji ataliacha likining'inia wazi.